Dodoso la mazoezi likitoa majibu ya ajabu: anza kulihoji swali kabla ya kumshuku mhojiwa

Data zimerudi kutoka kijijini, umefungua jedwali, na mambo hayaendi. Mzee wa miaka 68 anaonekana analima saa kumi na sita kwa siku. Mama anayechota maji, anayetwanga na kubeba kuni ameandikiwa sifuri kuanzia juu hadi chini. Kijana wa mjini anadai hukimbia kila siku, bila kukosa hata moja. Hapo wengi wetu hukimbilia kusema, "Watu wanadanganya." Nimesimamia wadodosaji kwa miaka kadhaa, na sasa sikimbilii huko. Uongo wa mhojiwa nauweka mwisho kabisa kwenye orodha ya washukiwa. Kabla yake kuna swali, kuna lugha, kuna namna yetu ya kuhesabu saa, na kuna sisi wenyewe tulioenda kuuliza.

Kwa asiyeyajua, madodoso ya mazoezi yanayotumika zaidi duniani ni mawili. La kwanza ni IPAQ, ambalo mazungumzo ya kulitengeneza yalianzia Geneva mwaka 1998. Toleo lake fupi lina maswali 7 na huuliza juu ya siku saba zilizopita. La pili ni GPAQ la Shirika la Afya Duniani. Hili lina maswali 16, huuliza juu ya wiki ya kawaida, na huyagawa maisha katika kazi, safari za kwenda na kurudi, michezo na burudani, kisha muda wa kukaa. GPAQ ndilo lililomo ndani ya tafiti za STEPS, yaani tafiti za shirika hilo kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, zile ambazo Tanzania ilifanya mwaka 2012, Uganda 2014 na Kenya 2015. Kwa hiyo mengi ya hapa chini yanalihusu hilo.

Hesabu yake ni nyepesi. Unachukua dakika kwa siku, unazidisha kwa idadi ya siku katika wiki, halafu unazidisha kwa uzito wa shughuli, unaoitwa MET: 4 kwa shughuli ya wastani, 8 kwa shughuli nzito. Anayefikisha 600 kwa wiki amefikia kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kutembea haraka dakika 30 kwa siku tano kunatoa 30 × 5 × 4 = 600. Kazi nzito ya dakika 75 kwa wiki nzima nayo inatoa 600 ileile. Iweke hesabu hii kichwani, maana makosa mengi utayanasa kwayo kabla hujafungua programu yoyote ya takwimu.

Wanawake wengi wana sifuri kwenye sehemu ya kazi

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linafuta jasho la watu wanaofanya kazi kuliko wengine wote nyumbani. Keti pembeni usikilize mahojiano:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, kazi unayofanya ina shughuli nzito?"

"Kazi gani mwanangu? Mimi sina kazi, nipo tu nyumbani."

Mdodosaji anabonyeza "hapana" kwenye kishkwambi na kusonga mbele. Nyuma ya mama pana mtungi alioujaza alfajiri, kinu chenye pumba bado, na rundo la nguo za watoto zimeanikwa. Kwenye data, mama huyu hajainua hata kijiko.

Chanzo ni neno "kazi". Katika mazungumzo yetu ya kila siku, kazi ni kitu chenye mshahara au walau chenye mwajiri. GPAQ lenyewe halikukusudia hivyo: maelezo yake yanasema kazi ni pamoja na isiyolipwa, masomo, shughuli za nyumbani, kuvuna, kuvua samaki, hata kutafuta ajira. Lakini maelezo hayo yako kwenye aya ndefu ya utangulizi, na mdodosaji akishachoka huwa ndiyo anayoiruka kwanza.

Tiba ni kuivunja aya ile na kuiingiza ndani ya swali. "Mama, kuanzia unapoamka hadi unapolala, katika shughuli za shambani, za nyumbani, za biashara au za kibarua, kuna zinazokufanya uheme sana?" Halafu mafunzo ya wadodosaji yawe na sheria moja: jibu la "sina kazi" halifungi swali, linalifungua. Mtu akisema hivyo, mwombe akusimulie jana yake tangu alipoamka. Haichukui dakika tatu.

Ukiwa tayari umerudi na data, angalia asilimia ya sifuri kwenye kazi kwa wanawake wa vijijini, kisha linganisha na swali la kazi ya mhojiwa mwanzoni mwa dodoso. Walioandikwa "mama wa nyumbani" au "mkulima" na bado wana sifuri kwenye kazi, waweke kando na upige simu au urudi kwa baadhi yao. Usiwajazie namba kwa kukisia.

"Mimi sifanyi mazoezi"

Dalili hii ni ndugu wa ile ya juu. Kwetu mazoezi ni kitu cha kukusudia: kukimbia barabarani asubuhi, kwenda jimu, kupiga pushapu. Kwa mwanafunzi ni maswali ya mwisho wa sura. Kwa mwanakwaya ni Jumatano jioni kanisani. Fundi mwashi aliyepandisha ndoo za zege tangu asubuhi atakuambia bila kusita kwamba hafanyi mazoezi, na amesema kweli kwa maana ya neno analolijua. Basi neno hilo liache kwenye sehemu ya burudani tu. Kwingineko sema "shughuli zinazotumia nguvu za mwili".

Na "kutembea" nalo liangalie kwa makini. Kutembea ni kwenda kwa miguu, lakini pia ni kwenda kuwasabahi watu, na ni kusafiri: "Ametembea hadi Mombasa", naye alipanda basi. Kuna na maana nyingine, ile ya kutembea na mtu, ambayo ukimuuliza mke wa mtu mbele ya mumewe, "Huwa unatembea mara ngapi kwa wiki?" mahojiano yanaweza kuishia hapo. Sema "kwenda kwa miguu" na utaje mahali: sokoni, shambani, kisimani, msikitini, shuleni. Baiskeli nayo itaje kwa jina na ubainishe ni ya kupiga pedali, kwa sababu wapo watakaohesabu na bodaboda.

Saa za ajabu

Sasa turudi kwa yule mzee wa saa kumi na sita. Aliulizwa analima kwa muda gani, akajibu kama mtu yeyote angejibu: "Natoka saa kumi na mbili, narudi saa nne." Kwa Kiswahili hizo ni saa nne za jembe, tangu mapambazuko hadi jua linapoanza kuchoma. Mdodosaji akaingiza 12 na 4 kwenye programu iliyotengenezwa kwa saa za Kizungu, yenye kukokotoa tofauti yenyewe. Programu ikaona mchana wa saa sita hadi usiku wa saa kumi, ikatoa saa 16. Ubaya wa kosa hili mahususi ni kwamba linapenya. Mwongozo wa kusafisha data za GPAQ huondoa shughuli inayozidi saa 16 kwa siku, na hii haizidi, imesimama kizingitini.

Kosa hili hutokea pale muda unapovuka saa kumi na mbili. Anayefanya kazi saa mbili hadi saa tano atapata tatu, iwe umehesabu kwa Kiswahili au kwa Kizungu. Ndiyo maana majaribio ya ofisini hayalioni: sisi wa ofisini tunajaribu kwa saa za ofisi. Mkulima, mvuvi na mama wa nyumbani ndio wanaoanza saa kumi na moja au kumi na mbili, na ndio wanaoumizwa.

Kuna lahaja ya pili ya kosa hilohilo. Swali linasema, "Kwa siku ni saa ngapi?" Mswahili akiulizwa "saa ngapi" anajibu wakati, si muda. "Saa kumi na moja," anasema mama, akimaanisha huwa anatoka kisimani alfajiri. Mdodosaji anaandika 11 kwenye kisanduku cha muda. Ukitaka kuigundua, panga majibu yote ya saa kwa ukubwa. Muda halisi wa shughuli hujazana kwenye dakika 30, saa moja, saa mbili, kisha hupungua taratibu. Ukiona kilima kingine kimeibuka kwenye 10, 11 na 12, wahojiwa walikuwa wanakutajia saa ya ukutani.

Tiba: uliza "kwa muda gani, kuanzia unapoanza hadi unapomaliza", mdodosaji aandike mwanzo na mwisho kwa maneno ya mhojiwa mwenyewe, halafu amrudishie jumla: "Kwa hiyo ni kama saa nne hivi?" Mzee angecheka na kusema ndiyo. Angesomewa "saa kumi na sita" angeshangaa, na kosa lingefia palepale shambani.

Kisanduku cha saa na cha dakika navyo hubadilishana. Saa 30 ni dakika 30, hiyo inajulikana mara moja. Lakini 2 kwenye kisanduku cha dakika ni saa mbili au dakika mbili? Dodoso huuliza shughuli ya dakika zisizopungua 10 mfululizo, kwa hiyo thamani yoyote chini ya 10 haina nafasi pale kama kisanduku cha saa ni kitupu. Iwekee kizuizi kwenye kishkwambi tangu mwanzo.

Dakika zimezidi mara saba

Mtu ana siku 7 na dakika 420 kwa siku kwenye mpira wa miguu. Gawanya 420 kwa 7, unapata 60. Alitaja jumla ya wiki, mdodosaji akaiandika kama ya siku. Pitia sehemu ya burudani hasa, kwa sababu watu wachache sana hucheza saa saba kila siku. Kwenye sehemu ya kazi huwezi kuamua kwa jicho, maana kibarua wa saa saba yupo kweli.

Kila mtu anafanya "kazi nzito"

Mhasibu amejibu kwamba kazi yake ni nzito sana, siku tano kwa wiki, saa nane kwa siku. Hajadanganya. Kufunga hesabu za mwaka ni kazi nzito, muulize mhasibu yeyote. Mwalimu mwenye darasa la watoto mia naye atasema hivyo. "Nzito" na "ngumu" kwetu hubeba na mzigo wa kichwa na wa moyo, wala haziishii kwenye misuli. Ukitumia neno hilo tupu, kila mwenye maisha magumu anaingia kwenye kundi la wanaotweta.

Acha kivumishi, uliza mwili. Shughuli nzito ni ile inayokufanya uheme na moyo uende mbio kiasi kwamba huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Ya wastani inaongeza pumzi kidogo. Unaweza kuongea, ila wimbo hauimbiki. Kisha onyesha kadi za picha. STEPS hutumia kadi hizo, na zinapaswa kutengenezwa kwa mazingira ya nchi husika, si kunakiliwa. Kulima kwa jembe la mkono kwenye udongo mkavu, kupasua kuni, kusukuma mkokoteni uliojaa na kubeba zege ziwe upande mmoja. Kufua kwa mikono, kupiga deki na kubeba ndoo ya maji mwendo wa kawaida ziwe upande wa pili. Niliwahi kukuta kadi zilizokuwa na picha ya mtu juu ya mashine ya kukimbilia, zikionyeshwa kijijini ambako hakuna aliyewahi kuiona. Mhojiwa aliitazama kwa adabu, akasema, "Hapana, hii sina."

Wastani mkubwa kupita kiasi

Hapa huenda hakuna kosa lolote. Mkulima wa jembe akifanya kazi nzito saa tano kwa siku, siku sita, anapata 300 × 6 × 8 = 14,400, mara ishirini na nne ya kiwango. Mchanganye na watu wanne wenye 0, 600, 840 na 1,200. Wastani wa watano hao ni 3,408, namba ambayo hakuna hata mmoja wao anayeikaribia. Wapange kwa ukubwa na uchukue wa katikati: 840. Ripoti hiyo ya katikati, pamoja na asilimia ya waliofikia 600. IPAQ lina mkato wake pia: kila aina ya shughuli inayozidi dakika 180 kwa siku hurudishwa kwenye 180, na mtu ambaye jumla yake inazidi dakika 960 kwa siku huondolewa. Mkato wa 180 ukiuleta kwenye data za wakulima, umeifuta nusu ya siku yao. Usichanganye sheria za dodoso moja na za jingine kwa sababu tu zinarahisisha grafu.

Hapo ndipo pa kusomea ile takwimu maarufu ya mwaka 2018, iliyokadiria kwamba mwaka 2016 ni asilimia 5.5 tu ya watu wazima Uganda ambao hawakufikia kiwango, huku Kuwait ikiwa na asilimia 67 na dunia nzima asilimia 27.5. Wapo waliodai haiwezekani, na wapo walioisherehekea kana kwamba Kampala nzima inakimbia asubuhi. Mimi naiamini kwa kiasi kikubwa, ila kwa kile inachokipima: jembe, ndoo, na njia ndefu ya kwenda kwa miguu kwa sababu nauli haipo. Usiiripoti jumla bila kuigawa kwa kazi, safari na burudani. Waziri wa michezo anahitaji mstari wa tatu tu, na mara nyingi mstari huo karibu ni mtupu.

Mdodosaji mmoja ana "hapana" nyingi kuliko wenzake

GPAQ lina milango. Jibu la "hapana" kwenye swali la kwanza la kila sehemu linaruka maswali mawili yanayofuata, lile la siku na lile la muda. Mdodosaji hugundua hilo siku ya kwanza. Ikifika siku ya nne, jua kali, bado nyumba tisa, na malipo yanategemea idadi ya madodoso, sauti yake inaanza kulielekeza jibu: "Kazi nzito hufanyi, siyo?"

Chora grafu moja kila jioni: asilimia ya "hapana" kwa kila mdodosaji. Atakayejitenga usimfokee mbele ya wenzake. Kesho yake nenda naye. Mara nyingine eneo lake ni la watumishi wa ofisini na hana kosa. Angalia pia muda ambao kishkwambi kimerekodi kwa mahojiano, na uone kama "hapana" zinaongezeka kadiri jioni inavyokaribia. Kwa uzoefu wangu, kubadili malipo yawe ya siku badala ya idadi kumetibu zaidi kuliko onyo lolote.

Wanajipamba

Sasa ndiyo tufike kwa mhojiwa. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na hakuna sababu ya kudhani mtu ataacha tabia hiyo akiulizwa juu ya mwili wake. Brenner na DeLamater waliwachunguza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, wakalinganisha majibu yao na rekodi za mlangoni za kituo cha mazoezi. Walioulizwa moja kwa moja kwa dodoso la kawaida walizidisha. Walioombwa kutuma ujumbe wa simu kueleza walichokuwa wanafanya siku hadi siku, bila kuambiwa kwamba kinachotafutwa ni mazoezi, walikaribiana na rekodi. Kwa hiyo wale waliozidisha hawakuwa wameamua kumdanganya mtu. Swali la moja kwa moja lilisikika kama "Wewe ni mtu wa namna gani?" nao wakajibu hivyo.

Sisi nasi tunaikaribisha hali hiyo. Tunafika na fulana zenye maandishi ya "Afya Njema". Tunampima mtu kiuno na shinikizo la damu, tunamwambia presha iko juu, halafu tunamuuliza kama anafanya mazoezi. Atajibu nini? Mpangilio wa STEPS umeweka maswali kwanza, vipimo vya mwili baadaye, na damu mwisho. Usiugeuze kwa sababu mpimaji amewahi kufika.

Fungua swali kwa kumpa mtu ruhusa: "Watu wengi wiki zao hupita bila nafasi ya michezo. Kwako wewe wiki ya kawaida inakuwaje?" Usitaje faida za mazoezi hadi umefunga kishkwambi. Na mtafutieni kivuli chake mwenyewe, mbali na mwenyekiti wa kitongoji na mbali na wifi.

Mwaka huu na mwaka ule havifanani

Kabla hujaandika kwamba watu wameanza kuzembea, weka kalenda mbili mezani. Muulize mkulima juu ya "wiki ya kawaida" naye atakuuliza, "Ya masika au ya kiangazi?" Swali lake ni bora kuliko letu. Hata dodoso linapotaka wiki ya kawaida, wiki inayokuja kichwani ni ile aliyonayo. Utafiti wa Machi wakati wa palizi na wa Agosti baada ya mavuno hautafanana, hata kama mwili wa mtu haujabadilika. Pwani na Visiwani ongeza Ramadhani, ambayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka: utafiti wa Aprili mwaka mmoja unaangukia kwenye mfungo, na wa Aprili miaka michache baadaye hauangukii. IPAQ, lenye kuuliza siku saba zilizopita, linaathirika zaidi.

Na hizo siku saba ziite siku saba. "Wiki iliyopita" kwa wengi ni Jumatatu hadi Jumapili iliyokwisha, kwa wengine ni tangu siku kama ya leo. Anza na jana, umrudishe nyuma siku moja moja: juzi, siku iliyotangulia juzi, hadi siku ya soko, hadi Ijumaa au Jumapili ya ibada. Siku zina alama zake kijijini, zitumie.

Halafu angalia toleo la swali. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya uliosema kila mwendo una faida, hata usiofika dakika 10 mfululizo. Wapo waliofuta maneno "angalau dakika 10" kwenye dodoso lao mara moja. Ukifuta, usilinganishe tena na data za 2012. Ukitaka vyote viwili, acha swali la zamani kama lilivyo na uongeze lako mwisho kabisa, baada ya muda wa kukaa, ili lisiguse majibu yaliyotangulia.

Kifaa kinasema hivi, dodoso linasema vile

Umewafunga watu kipima mwendo kiunoni kwa siku saba, na namba hazikutani. Usishtuke. Katika utafiti wa afya wa Uingereza wa mwaka 2008, asilimia 39 ya wanaume na 29 ya wanawake walijieleza kwamba wanafikia kiwango. Kifaa kikawakuta asilimia 6 na 4. IPAQ lilipojaribiwa katika nchi 12, na matokeo kuchapishwa 2003, kumuuliza mtu mara ya pili kulitoa uhusiano wa karibu 0.8, ambapo 1 ni kufanana kabisa. Kulinganisha na kifaa kulitoa karibu 0.3 tu. Watu wanajirudia vizuri kuliko wanavyokadiria.

Lakini kifaa si hakimu. Cha kiunoni hakioni ndoo ya lita 20 kichwani. Kwake, mama mwenye mzigo na asiye na mzigo ni hatua zilezile. Hakioni mlima wa baiskeli, wala mikono ya mtwangaji. Mvuvi anakivua anapoingia majini. Simu inayohesabu hatua ni shida zaidi, kwa sababu mchana kutwa iko kwa fundi wa kuchaji au mkononi mwa mtoto. Kifaa kinapima mtikisiko wa mwili, dodoso linapima kile mtu anachokumbuka na kukitambua kuwa shughuli, na kwa mkulima wa jembe nadhani dodoso lililoulizwa vizuri lina haki ya kusikilizwa zaidi kuliko anavyoliamini mtu wa maabara.

Ukiwa na fedha kidogo, wavike kundi dogo tu, nusu wakulima na nusu watu wa ofisini, uone tofauti inakwenda upande gani kwa kila kundi. Kisha tumia dodoso kulinganisha makundi: wanaume na wanawake, kata hii na ile. Usilitumie kumwambia mtu mmoja kwamba anafanya mazoezi ya kutosha au hafanyi. Kwa uhusiano wa 0.3, hilo haliwezekani.

Kisichotibika ukiwa umesharudi mjini

Namba zilizorundikana kwenye 30, 60 na 120 ziache. Watu hukadiria, na hakuna dawa. Jumla ya wiki iliyoandikwa kama ya siku kwenye sehemu ya kazi haitambuliki tena. Mama aliyeandikiwa "hapana" mlangoni hana siku wala muda wa kurekebisha. Aliyejibu ana siku 0 lakini ana dakika 90, au ana siku 5 bila dakika, anaondolewa kwenye uchambuzi, na idadi ya walioondolewa iandike kwenye ripoti pamoja na jinsia na kazi zao, maana mara nyingi hawapotei kwa usawa.

Kilichonisaidia zaidi ni kisanduku kimoja kisichomo kwenye dodoso rasmi. Mwisho wa kila sehemu niliweka nafasi ya maneno machache ambayo mdodosaji anaandika mhojiwa alivyotamka, bila kuyanyoosha. Kwenye mstari wa mzee wa miaka 68 palikuwa na maneno saba: "Natoka kumi na mbili, narudi saa nne." Nikabadilisha 16 kuwa 4, nikaandika sababu pembeni, nikafungua mstari unaofuata.